Shemeji anataka mashine ya duara, mimi nataka ya brashi mbili

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata. Nina kikampuni cha usafi pamoja na shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. Mtaji tulichanga nusu kwa nusu. Tulianza na vioo na vyoo vya ofisi, lakini siku hizi kazi inayotulisha ni kapeti. Tuna ofisi mbili za Posta zenye zile kapeti ngumu za vipande, tuna msikiti mmoja mkubwa Ilala, halafu nyumba za Mikocheni na Mbezi Beach ambazo hutuita mara moja moja, hasa Idi na Krismasi zikikaribia.

Vifaa vyetu ni vakyumu moja ya pipa, ile inayovuta vumbi na maji, bomba la kunyunyizia la kubeba mgongoni, na brashi za mkono. Vijana ninao wanne, watatu wasichana. Wanasugua wakiwa wamepiga magoti usiku kucha, na mmoja ameshaanza kulalamika goti linavimba. Roho inaniuma.

Sasa tumejaliwa akiba inayotosha mashine moja, moja tu. Hapo ndipo maneno yalipoanzia. Shemeji anataka mashine ya duara, ile yenye brashi kubwa ya mviringo chini na mpini mrefu. Anasema kila kampuni mjini inayo, bei yake ni nafuu, na itatusaidia pia kwenye sakafu za terazo. Mimi niliona kwenye hoteli moja wanatumia mashine ya brashi mbili za kulala, zinazozunguka kinyumenyume. Yule dada aliyekuwa anaiendesha ni mwembamba kuliko mimi na alikuwa anatembea nayo kama hana shida. Bei yake karibu mara mbili ya ile ya shemeji. Nilipokwenda Kariakoo kuulizia, muuzaji akaniongezea ya tatu, ya kutikisa, eti hiyo ndiyo ya kisasa na hizo mbili zimepitwa na wakati. Nikarudi nyumbani kichwa kinauma.

Kuna jambo jingine. Ofisi moja ya Posta wanalalamika kwamba tukimaliza kapeti inang'aa, lakini baada ya muda mfupi korido inarudi kuwa nyeusi, hasa mbele ya lifti na kwenye mtungi wa maji ya kunywa. Shemeji anasema ni kwa sababu brashi za mkono hazifiki chini, tukipata mashine tatizo litakwisha. Ni kweli?

Mwisho, kaka yangu yuko Dubai, anasema anaweza kututumia mashine iliyotumika kwa bei ya kutupa. Na kwenye nyumba moja ya Mbezi Beach kuna zulia la Kiajemi, kapeti la manyoya marefu na mkeka mkubwa wa katani. Mashine hiyo moja itafaa kote?

Nisaidie kabla hatujagombana. Shemeji ni mtu mzuri ila ni mbishi, na mume wangu anakataa kuingilia.

Mama wa Kapeti, Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Jibu fupi kwanza: kwa kazi mlizo nazo, nunueni ya brashi mbili. Lakini hiyo korido ya Posta haitaponywa na mashine yoyote kati ya hizo tatu, kwa hiyo nianzie hapo, kwa sababu mkinunua mashine mkiamini itatibu korido, mwezi ujao mtakuwa na mashine na malalamiko yaleyale.

Kapeti inayosafishwa ikang'aa, kisha ikachafuka upesi kuliko ilivyokuwa kabla, mara nyingi ina sabuni ndani. Mnanyunyiza shampuu, mnasugua, mnavuta na vakyumu ya pipa, mnaondoka. Vakyumu hiyo inavuta maji mengi, haivuti yote, na sabuni iliyobaki ikikauka inaacha utando unaonata. Kila kiatu kinachotoka kwenye lifti kinaacha vumbi lake pale, na vumbi halina tena haja ya kuondoka. Jambo la pili ni maji. Mkilowesha sana, uchafu uliolala chini kabisa ya nyuzi hupanda juu pamoja na unyevu kapeti inapokauka, na mjini kwetu, kwa joto lile la kunata la Februari na Machi, kapeti hukauka polepole, hivyo uchafu unapata muda wa kutosha kupanda. Pale kwenye mtungi wa maji ongeza na matone ya chai na juisi, ambayo ni sukari tupu.

Jaribio lake ni rahisi. Chukua kitambaa cheupe, kiloweshe kwa maji ya moto yasiyo na kitu, ukamue, usugue sehemu ya korido mliyoisafisha mara ya mwisho. Vidole vikiteleza au povu likitoka, umepata jibu lako. Safari ijayo msitie shampuu kabisa hapo: nyunyizeni maji safi ya moto, sugueni, vuteni, rudieni mpaka maji yanayotoka yasiwe na povu. Mkirudi kwenye dawa, pimeni kwa kikombe kama kibandiko kinavyosema. Najua vijana wanavyopima kwa macho, na najua macho hupima kwa ukarimu.

Sasa twende kwenye kusugua kwenyewe. Mwaka 1959 mkemia mmoja wa kampuni ya Henkel ya Ujerumani, Herbert Sinner, alieleza kwamba usafi wowote unafanywa na vitu vinne: dawa, joto, muda, na nguvu ya kusugua. Ukipunguza kimoja, lazima uongeze kingine. Watu wa kazi hii wanaitumia hesabu hiyo mpaka leo, na mimi naitumia kukuuliza swali: vijana wako wakishanyunyiza dawa, wanasubiri kiasi gani kabla ya kuanza kusugua? Nina hakika hawasubiri. Dawa ya kulainisha uchafu inahitaji kama dakika 10 hadi 15 ikiwa mbichi juu ya kapeti, feni na AC ya pale juu zikiwa zimezimwa ili isikauke. Dakika ambazo hamuipi dawa, wasichana wako wanazilipa kwa magoti.

Na kabla ya dawa kuna kuvuta vumbi kavu. Hata ule mwongozo wa Wamarekani wa kusafisha kapeti, S100 wa taasisi inayoitwa IICRC, unaanzia hapo. Sehemu kubwa ya uchafu wa kapeti ni mchanga na vumbi kavu, na mji wetu huu, nje ya lami tu, ni mchanga. Ukiumwagia maji umetengeneza tope, halafu unalisugua liingie ndani. Vakyumu ya pipa haina brashi inayozunguka mdomoni, kwa hiyo inapita juu ya nyuzi na kuchukua kilicho juu. Kilicho chini kinabaki.

Hapo ndipo sababu yangu kubwa ya kuchagua brashi mbili ilipo, na ajabu wauzaji hawaisemi. Zile brashi za kulala zinazunguka kwa kupingana, moja huku nyingine kule, mara mia tatu au mia nne na ushee kwa dakika kutegemea aina. Zinainua nyuzi badala ya kuzilaza. Ukiipitisha kapeti ikiwa kavu, kabla ya dawa, inachimbua mchanga, nywele, pini za stepla na maganda ya karanga na kuvitupia kwenye visanduku vyake vya pembeni. Mwenye ofisi ukimwonyesha hicho kisanduku baada ya korido moja, hatakuuliza tena kwa nini bei yako imepanda. Kisha unapita na vakyumu yako ya pipa, ambayo sasa inakuta uchafu umeshaletwa juu. Kwa hiyo mashine moja inakufanyia kazi mbili: inafidia udhaifu wa vakyumu yako, halafu baada ya dawa inasugua. Ya duara na ya kutikisa hazikupi hilo.

Ya pili ni mikono uliyo nayo. Mashine ya duara ina akili yake. Ukiinua mpini kidogo inakwenda kulia, ukiushusha inakwenda kushoto, na mtu asiyejua hilo akiminya swichi anaburutwa mpaka ukutani pamoja na waya wake. Inafundishika, tena vizuri, lakini inataka mtu mmoja aliyeizoea, na siku akiumwa kazi inalala. Halafu ina uzito, nyingi ni kilo 40 na zaidi. Jengo lenye lifti sawa, ila msikiti wenye ghorofa ya wanawake juu na ngazi nyembamba utawaita majirani. Ya brashi mbili ni nyepesi, zipo za kilo 20 hivi, zinatengana na mpini na zinaingia kwenye bajaji. Inakwenda mbele na nyuma tu. Yule dada wa hotelini hakuwa na nguvu za ziada, mashine yenyewe haipigani na mtu.

Nisimwonee shemeji, kwa sababu hakukosea kila kitu. Mashine ya duara ya mwendo wa polepole, ile ya mizunguko kama 150 hadi 180 kwa dakika, ni mashine ya kazi. Kapeti ngumu ya vitanzi vifupi iliyogandishwa sakafuni na kujaa mafuta, tuseme korido ya kutoka jikoni kwenye hoteli, hiyo duara inaisugua kwa uzito ambao brashi mbili hazina. Na kwenye terazo iliyochakaa inayotakiwa kuvuliwa nta ya zamani na kung'arishwa upya, hakuna mjadala, ni duara. Ila mwambie aangalie mambo mawili. Zipo za duara zinazofanana sana kwa sura lakini zinakimbia mizunguko 400 na zaidi. Hizo ni za kung'arisha sakafu ngumu, ukiiweka juu ya kapeti yenye dawa utaharibu kapeti na ukuta kwa pamoja. La pili, hata ile ya polepole, ikivishwa brashi ngumu na kupelekwa kwenye kapeti ya nyuzi zilizokatwa, kama mengi ya majumbani, inaacha alama za mviringo na kufumua ncha za nyuzi. Ncha ikishafumuka haisokoteki tena. Mwenye nyumba atakuonyesha zile duara kila akikuona, na hutakuwa na la kusema.

Na terazo za ofisini kwenu, kama ni kusugua tu na si kung'arisha, brashi mbili inazisugua pia. Kwenye vigae ndiyo usiseme, maana brashi zake zinaingia kwenye ile mistari ya saruji ambako pedi ya duara inapita juu kwa juu. Unafuata nyuma na vakyumu ya maji, basi.

Ya kutikisa, ile ya muuzaji wa Kariakoo, si mbaya na si ya kisasa kuliko nyingine. Pedi yake haizunguki kwa mapana, inacheza viduara vidogo vya haraka sana, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika, kwa hiyo haimburuti mtu na haiachi alama. Inafaa sana kwa kapeti za ofisi zinazosafishwa mara kwa mara kwa pedi za pamba na dawa ya kufungia uchafu. Lakini haichimbui chochote. Ingekuwa una vakyumu nzuri yenye brashi, ya kusimama, ningesema tuijadili. Huna.

Nimetaja dawa ya kufungia uchafu, nikae nayo kidogo, kwa sababu itabadilisha kazi yako ya Posta kuliko mashine. Si shampuu. Ikikauka haibaki kama utando wa kunata, inakuwa chengachenga kavu zilizouzunguka uchafu, na chenga hizo unazivuta na vakyumu siku zinazofuata. Inatumia maji machache, kapeti inakauka kwa saa chache, na mashine ya brashi mbili ni mwenzake wa asili: nyunyiza, subiri, pita kwenda na kurudi, kisha pita tena kwa kukata njia ya kwanza. Korido yenye sabuni ya zamani isafishe kwanza kwa maji kama nilivyosema, vinginevyo dawa mpya itafungia sabuni badala ya uchafu.

Msikitini dawa hiyo itawaokoa pia. Kule kapeti haina tope la viatu, ina jasho na mafuta ya miguu, vumbi, na unyevu wa watu waliotoka kutawadha. Na mna saa zenu: mnaingia watu wakishatoka Ishaa, na kabla ya Alfajiri mtu anaweka paji la uso wake pale. Kapeti mbichi hairuhusiwi. Maji machache, feni zote ziwake mkimaliza, na mfanye kwa sehemu, safu kadhaa usiku huu na nyingine kesho, msilowanishe msikiti mzima kwa mkupuo. Nakuomba pia ununue jozi ya brashi kwa ajili ya msikiti peke yake, muiweke alama. Siku imamu atakapojua kwamba brashi zile jana zilikuwa kwenye nyumba ya Mbezi yenye mbwa wawili, mkataba utakuwa umekwisha, na atakuwa na haki.

Tukifika hiyo nyumba ya Mbezi, jibu ni hapana, mashine haitafaa kote, na hakuna itakayofaa.

Kapeti la manyoya marefu usilipelekee mashine yoyote yenye kuzunguka. Manyoya yatajisokota kwenye brashi kabla hujafika swichi. Hilo hupelekwa nje, linakung'utwa, linaoshwa kwa mkono kwa kufuata uelekeo wa manyoya na kukaushwa likiwa limeinuliwa kutoka chini.

Mkeka wa katani, ambao huenda umetoka Tanga ukazunguka dunia na kurudi kwetu kwa bei ya Ulaya, adui yake ni maji. Ukiulowesha unasinyaa, unajikunja, na unaota madoa ya kahawia yasiyotoka. Vuta vumbi pande zote mbili, doa lifute kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, ukomee hapo. Mwenye nyumba akitaka uoshwe, mwandikie kwenye karatasi kwamba hamuoshi katani, asaini.

Zulia la Kiajemi nalo kwanza ujue limefumwa na nini, kwa sababu si kila linaloitwa la Kiajemi ni la Kiajemi. Chomoa uzi mmoja mahali pasipoonekana, mbele ya mwenyewe na kwa ruhusa yake, uuchome kwenye sinia. Ukinuka nywele zilizoungua na majivu yakapondeka kwa kidole, ni sufu au hariri halisi. Ukiyeyuka na kuacha kishanga kigumu, ni plastiki, nailoni au poliesta au polipropilini. Hiyo ya mwisho utaitambua kwa sababu uzi wake unaelea kwenye glasi ya maji, wenzake wanazama. Ukinuka karatasi, shtuka, maana yawezekana ni ile hariri ya bandia, viskosi, inayouzwa kwa majina matamu. Viskosi ikilowa inapoteza nguvu, na ukiisugua nyuzi zinakatika na kulala moja kwa moja. Hiyo kataa kazi. Kama ni sufu iliyofumwa kwa mkono, msiiguse kwa mashine: brashi laini ya mkono, dawa isiyo kali, pH (kile kipimo cha ukali kwenye kibandiko) isizidi 8.5, maji ya uvuguvugu na siyo ya moto, kwa sababu sufu ikipata joto, unyevu na msuguano kwa pamoja inagandamana. Na kwanza lowesha pamba nyeupe kwa dawa yenyewe, bonyeza kila rangi, tazama kama inachuja. Nyekundu za mazulia hayo zina tabia mbaya.

Pia yale mazulia madogo yasiyogandishwa sakafuni, brashi mbili huyavuta na kuyakunja chini yake. Mmoja asimame juu ya ncha, mwingine aendeshe. Na umewahi kuona wale vijana wa kwenye video za simu wanaofunga brashi kwenye drili? Kwa ngazi na kona mashine isikofika, drili ya mwendo mdogo inasaidia. Kwa chumba kizima ni mchezo wa kuharibu mali ya mtu.

Sasa shemeji. Usimpelekee maneno yangu, atasema umekwenda kumshtaki kwa watu. Kaeni na daftari la mapato. Hesabuni miezi iliyopita: kapeti imeingiza kiasi gani, terazo ya kung'arishwa imeingiza kiasi gani. Ukiniambia shilingi nyingi zimetoka kapeti, jibu limejipata lenyewe na hakuna aliyeshindwa. Daftari likionyesha terazo inaikaribia kapeti, basi shemeji ana hoja na mimi narudi nyuma nusu hatua: nunueni brashi mbili, na siku za terazo mkodi duara, kwa sababu duara zimejaa mjini na mtu wa kukukodishia utampata, ya brashi mbili ya kukodi utaitafuta. Bei ya kukodi ingieni nayo kwenye bei ya mteja tangu mwanzo.

Halafu mpe shemeji heshima yake: yeye ndiye aende kuijaribu. Muuzaji anayeamini mashine yake ataileta kwenye korido yenu kwa usiku mmoja. Gaweni korido hiyo chafu vipande viwili, dawa moja, muda uleule wa kusubiri, upande mmoja mashine ya brashi mbili, upande wa pili duara ya kukodi yenye brashi ya kapeti. Asubuhi, ikishakauka, mwende wote wawili na mwenye ofisi. Kapeti iliyolowa inadanganya, kwa hiyo msihukumu usiku.

Siku ya jaribio mwambie aigeuze kichwa chini. Brashi zitoke bila bisibisi, kwa sababu zitatolewa kila baada ya kazi. Mjini kwetu adui mkubwa wa mashine hizi ni rasta. Nyuzi za nywele za bandia zinajifunga kwenye ncha za brashi, zinaingia kwenye beringi, na mashine inaanza kulia kama imebanwa mlango. Kijana awe na wembe na dakika tano kila wakimaliza. Aangalie mkanda unaozungusha brashi, aulize bei yake na kama upo dukani leo, siyo "tunaagiza". Aulize brashi za aina ngapi zinapatikana, laini za majumbani na za kati za ofisini. Zile ngumu za vigae zisikaribie kapeti. Brashi huisha urefu kama pedi za gari zinavyoisha, na mashine yenye brashi zilizolika inapita juu ya kapeti ikipiga kelele tu.

Kuhusu kaka yako wa Dubai, usimkatalie haraka. Umeme wa kule ni wa aina yetu, volti 230 na hezi 50 (hezi ni mara ngapi umeme unapiga kwa sekunde), na hata plagi ni hizi za pini tatu bapa tunazotumia. Shida ni kwamba masoko ya vitu vilivyotumika kule yanapokea mashine kutoka kila upande. Ikiwa imetoka Saudia, volti zitakaribiana lakini hezi ni 60. Ikiwa ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Watu hudhani transfoma inamaliza kila kitu. Transfoma inabadilisha volti, hezi haizigusi. Mota nyingi za mashine hizi zilizotengenezwa kwa hezi 60, zikipewa 50 zinapunguza mwendo kama sehemu moja ya sita na zinapata joto. Kwa kazi ya usiku mzima, hiyo ni mota ya kuungua.

Kwa hiyo kaka asitume bei wala video ya mashine ikizunguka hewani. Apige picha ya kile kibandiko cha chuma chenye volti, hezi na wati, apige picha ya brashi kwa karibu pamoja na rula, na apige ya waya pale unapoingia kwenye mashine, ndipo unapokatika. Kisha wewe upeleke jina la modeli dukani Kariakoo uulize kama mkanda na brashi zake zinapatikana. Wakisema hawaijui, basi kwa bei yoyote ile, hata ya bure, iache Dubai.